Roboti za Kuzibua Mishipa ya Damu Zinakuja. Garissa Itazipata Lini?

Kama ulikuwa kwa mtandao Januari 2023, lazima uliona ile video. Kijisanamu cha chuma, saizi ya mtu wa Lego, kimefungiwa ndani ya seli kama mahabusu. Ghafla kinaanza kuyeyuka, kinapita katikati ya nondo kama uji, halafu huku nje kinasimama tena kikiwa mzima. Wapenzi wa muvi hawakungoja. Walisema huyo ni yule karao wa chuma wa Terminator 2.

Ile kitu ilitengenezwa na watafiti wa China na Marekani. Walichanganya madini ya galiamu na chembe ndogo za sumaku. Ukiiwashia sumaku ya nje kwa njia fulani inapata moto na kuyeyuka, ikipoa inakuwa ngumu tena. (Pale kwa kusimama walisaidia na kalibu, usidanganywe na video.)

Galiamu inayeyuka ikikaribia digrii 30. Mtu wa Garissa akisikia hivyo anacheka. Huku kwetu digrii 30 ni saa nne asubuhi. Hiyo roboti ingeshuka basi pale stendi ikiwa tayari ni supu. Na kwa mwili wa binadamu shida ni ile ile, juu damu yako iko digrii 37. Watafiti wenyewe walikubali kwamba wakitaka kuitumia kwa dawa, lazima watafute mchanganyiko unaoyeyuka kwa joto la juu zaidi.

Lakini usiicheke ukasahau. Hiyo video ni mtoto mmoja tu wa familia kubwa. Kuna mbogi nzima ya roboti ndogo zinazobadilisha umbo, na kazi moja kubwa zinayotayarishiwa ni kuingia ndani ya mishipa ya damu na kuzibua penye pameziba. Kiharusi, yaani stroki, huanzia hapo mara nyingi. Mshtuko wa moyo pia. Na kama uko na watu Garissa, Wajir ama Mandera, hii stori inakuhusu kuliko unavyofikiria.

Hizi roboti ni nini hasa?

Kwanza toa kwa akili picha ya roboti yenye macho na mikono. Hizi hazina betri, hazina mota, hazina waya. Injini iko nje ya mwili.

Unakumbuka ule mchezo wa utotoni? Unatoa sumaku kwa spika iliyoharibika, unaiweka chini ya meza, unaweka msumari juu ya meza, halafu unauendesha ukitembea wenyewe. Basi ni hiyo. Mgonjwa amelala, sumaku kubwa za umeme ziko pembeni yake, daktari anaziongoza na kifaa cha mkono kama cha kuchezea gemu, na kitu kidogo kinatembea ndani ya mshipa.

Sasa kwa nini kibadilishe umbo? Chukulia mishipa yako ni barabara za Nairobi. Karibu na moyo ni Thika Road, pana na mbio. Ukienda mbele inakuwa First Avenue ya Isili, imebanana. Mbele zaidi ni vile vichochoro ambavyo hata mkokoteni unapita kwa upande. Na damu inasukuma wakati wote. Kitu kigumu cha kutoshea Thika Road kitakwama kichochoroni. Kitu kidogo cha kutoshea kichochoro kitabebwa na damu pale Thika Road kama nailoni kwa mtaro. Kwa hivyo unahitaji kitu laini kinachojikunja, kinachojinyoosha, kinachoshika ukuta.

Mwaka 2019 watafiti wa Uswisi, kutoka EPFL na ETH Zurich, walionyesha viroboti laini vya jeli vilivyokunjwa kama karatasi, ambavyo hubadilisha umbo vyenyewe vikiingia mahali pembamba ama kwa majimaji mazito. Hakuna mtu anavipa amri ya kujikunja. Umbo linafuata barabara.

Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Max Planck kule Stuttgart, Ujerumani, walikuja na kitu kama springi ya wavu. Kinakumbatia ukuta wa mshipa, kinajibana ama kujitanua kulingana na upana, na kinaweza kupanda kikipinga mkondo wa damu bila kusombwa.

Halafu Novemba 2025 wale wa ETH Zurich wakarudi na kubwa zaidi, ikachapishwa kwa jarida la Science. Safari hii ni kidonge cha mviringo, chini ya milimita 2. Ganda lake ni jeli. Ndani kuna chembe za oksidi ya chuma ili sumaku iishike, kuna madini ya tantali ili ionekane kwa eksirei, halafu kuna dawa. Inaingizwa na mrija mwembamba, inaachiliwa karibu na kichwa, inaviringishwa na sumaku hadi kwa donge la damu. Ikifika, sumaku inapiga mawimbi ya kasi, kidonge kinapata joto, jeli inayeyuka, dawa inamwagika hapo hapo kwa donge.

Kwa zaidi ya asilimia 95 ya majaribio yao, dawa ilifika mahali pake. Walijaribu kwa mishipa bandia ya silikoni, kisha kwa nguruwe na kondoo. Bado hawajaweka kwa binadamu. Hiyo ndiyo hatua wanayotafuta sasa.

Faida iko wapi? Leo ukipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inachomwa kwa mkono na kuzunguka mwili mzima. Lazima ipigwe nyingi ili kiasi kidogo kifike kwa ubongo, na huko njiani inaweza kukufanya uvuje damu kwingine. Roboti inabeba kidogo na kupeleka mlangoni. Ni tofauti ya kumwaga maji kwa mtaa mzima ukitumai yatafika kwa moto, na kupeleka ndoo moja penye nyumba inaungua.

Sasa shika hii moja, juu ndiyo imenifanya niandike. Dawa waliyoweka ndani ya hiyo roboti ya kuyeyusha donge ni ile ile ya zamani. Marekani waliikubali itumike kwa kiharusi mwaka 1996. Msee aliyezaliwa huo mwaka saa hii ana watoto. Roboti ya 2025 imebeba dawa ya 1996, na mtu wa kawaida kule kwetu bado hajapewa hata hiyo dawa bila roboti.

Dakika moja ni pesa nyingi

Donge likiziba mshipa wa ubongo, seli zinaanza kukufa kwa njaa ya hewa. Kuna hesabu moja madaktari wa kiharusi hupenda: kila dakika inayopita bila matibabu, mgonjwa wa kawaida hupoteza seli milioni 1.9 za ubongo. Kila dakika, si kila saa.

Ndiyo maana dawa ya kuyeyusha donge ina muda wake. Kwa kawaida lazima uipate ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kuna njia nyingine ya kuvuta donge lenyewe kwa waya unaopitishwa kutoka kwa paja hadi kichwani. Hiyo inaweza kufanywa hata baadaye, kwa wagonjwa wengine hadi saa 24, lakini lazima skani ionyeshe kuna ubongo wa kuokoa, na Kenya nzima hospitali zinazoweza kuifanya ni za kuhesabu na ziko miji mikubwa.

Halafu kuna kitu kinaitwa CT. Stroki si moja. Kuna ya mshipa kuziba na kuna ya mshipa kupasuka. Kwa macho zinafanana: mdomo umeenda upande, mkono umelegea. Lakini ukimpa dawa ya kuyeyusha damu mtu ambaye mshipa wake umepasuka, umemmaliza. Bila skani, daktari mzuri hatagusa hiyo dawa. Na hata roboti ya Zurich haina kazi kwa mshipa uliopasuka.

Sasa wacha niwaambie ya abti wangu.

Abti, kaka yake mathe, huuza mbuzi pale soko la mifugo la Garissa. Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka. Akajaribu kuongea, maneno yakatoka kama ya mlevi, na abti hajawahi kuonja pombe. Mdomo ukaenda upande mmoja.

Nyumbani walisema ni jini. Sina dharau hapo, hata mimi ningekuwepo pengine ningesema hivyo. Akaitwa shehe amsomee. Walipomaliza, mtu akasema apigwe hijama. Adhuhuri ikafika. Hapo ndipo gurupu la familia la WhatsApp likawaka: Garissa, Isili, Minneapolis, kila mtu na maoni yake. Wengine wakichanga, wengine wakituma dua, wengine wakiuliza kama kuna mtu anajua daktari. Gari lilipatikana alasiri. Aliingia Nairobi usiku.

Daktari alituambia ni mshipa uliziba, na kwamba zile saa za kuyeyusha zilishaisha kitambo. Hakutugombeza. Alituuliza tu ilianza saa ngapi, tukajibu alfajiri, akanyamaza.

Abti yuko hai, alhamdulillahi. Anatembea na fimbo. Mkono wa kulia hauwezi kuhesabu noti, na mchuuzi wa mbuzi asiyehesabu pesa yake mwenyewe ni lazima amwamini mtu. Hiyo inamuuma kuliko mguu.

Roboti ni ya sentimita za mwisho

Turudi kwa Zurich. Ile roboti ikiviringika kwa ukuta wa mshipa inaenda milimita 4 kwa sekunde. Nikapiga hesabu kwa simu. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Kwa hiyo kasi itafika karibu miaka 3 baadaye. Kutoka Mandera, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,000, ni kama miaka 8.

Ni utani, lakini unasema kitu. Roboti imetengenezwa kumaliza sentimita za mwisho za safari: kutoka shingoni hadi kwa donge. Wagonjwa wetu wanaumizwa na kilomita za kwanza. Gari likienda saa 6 kutoka Garissa hadi Nairobi, kwa ile hesabu ya milioni 1.9 kwa dakika ni seli milioni 684. Na hiyo ni kama gari liko tayari mlangoni na barabara iko sawa.

Na barabara huwa haiko sawa. Novemba 2023 mvua ya El Niño ilikata njia pale kati ya Madogo na mji wa Garissa. Aprili 2024 ikarudia, watu wakaanza kuvushwa kwa boti, na boti moja likazama Kona Punda, watu wakafa maji. Hebu fikiria umepooza upande mmoja na unangoja zamu ya boti.

Mbele ya Garissa ndiyo noma zaidi. Baada ya basi la Mandera kushambuliwa Novemba 2014 na watu 28 kuuawa, kusafiri huko kukawa ni mchana, na askari wa kusindikiza. Stroki nayo haina saa, inaweza kukupiga saa saba usiku. Na baada ya yale mauaji vyama vya walimu, madaktari na watumishi wa umma viliambia wanachama wao waondoke hadi usalama urudi. Wengi hawakurudi. Kwa hivyo pengo la wataalamu liko na historia yake, haikuwa uvivu wa mtu.

Lakini kuna habari ya Dundee

Usifikirie nimekuja kuwapea huzuni tu. Mwezi ule ule wa Novemba 2025 kulitoka habari nyingine ambayo haikuenda virali kama T-1000, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi kwa watu wa Kaskazini Mashariki.

Daktari mmoja kule Jacksonville, Florida, alitoa donge la damu kwa mshipa wa maiti iliyokuwa Dundee, Scotland. Mwili ulikuwa umetolewa kwa ajili ya sayansi. Kati yao kulikuwa na bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 6,000. Yeye alishika nyaya huko kwake, na roboti huku upande wa pili ikarudia kila mwendo wa vidole vyake. Mwanzoni Profesa Iris Grunwald wa Chuo Kikuu cha Dundee alikuwa amefanya hivyo hivyo akiwa sehemu nyingine ya mji huo huo. Mashine ni ya kampuni ya Lithuania inayoitwa Sentante.

Unaona venye inabadilisha stori? Kama Florida inaweza kugusa Dundee, basi Nairobi inaweza kugusa Garissa. Badala ya kumpakia abti kwa gari saa 6, daktari anabaki Nairobi na mikono yake inasafiri kwa intaneti. Zile roboti za sumaku pia zinaweza kuongozwa hivyo, juu tayari mwendeshaji haguzi mgonjwa.

Nilimpigia abti nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Abti, hiyo kitu ingenisaidia mimi?"

"Ingekusaidia, abti, kama ungekuwa umefika mapema."

"Basi waambie waanze na gari."

Huyo ni mtu wa soko la mbuzi na ametoa mpango wa afya kwa sentensi moja. Tuupanue kidogo.

Nini kinafaa kuwa Garissa kabla ya roboti?

Ili daktari wa Nairobi amtibu mgonjwa wa Garissa kwa mbali, lazima huku upande wa mgonjwa kuwe na vitu vitano.

Cha kwanza ni ambulensi inayokuja ukipiga simu. Mtu wa Hulugho ama Dadaab lazima kwanza afike Garissa mjini, na hiyo peke yake ni safari.

Cha pili ni skani ya CT inayofanya kazi usiku, na mtu wa kuisoma. Hii ya kusoma ndiyo rahisi leo, juu picha inaweza kutumwa kwa daktari wa Nairobi kwa dakika chache.

Cha tatu ni ile dawa ya 1996. Iwe kwa friji, iwe imelipiwa.

Cha nne ni stima na intaneti zisizokatika. Hapa kuna kichekesho cha kuuma. Garissa iko na mtambo wa sola wa karibu megawati 55, ulifunguliwa Desemba 2019. Jua letu linapelekea gridi ya taifa umeme. Lakini Wajir na Mandera zimekuwa zikitegemea mitambo yao ya dizeli, nje ya hiyo gridi. Kwa upande wa intaneti kuna matumaini: mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, uko na faiba ndani yake. Huo waya wasee wanauona kama wa TikTok. Unaweza kuwa wa mikono ya daktari.

Cha tano ni watu. Nesi wa kumwandaa mgonjwa, fundi wa eksirei, na daktari aliye pale chumbani wa kuokoa mambo laini ikikatika.

Ukiangalia hiyo orodha, vinne vya kwanza na hata cha tano vingeokoa watu leo, bila roboti yoyote. Ambulensi, skani na dawa vikifanya kazi pamoja, abti angekuwa anahesabu noti zake. Na roboti ikija siku moja, itakuta meza imeandikwa. Kwa hivyo hakuna kugombana kati ya kutaka mambo ya kisasa na kutaka mambo ya kawaida. Ya kawaida ndiyo ngazi.

Tulishanunua mashine tukasahau ngazi

Hii nchi ishafanya hilo kosa na tuko na risiti. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, ule wa MES, wa karibu shilingi bilioni 38. Hospitali 98, mbili kwa kila kaunti zaidi ya nne kwa hospitali kubwa za rufaa za taifa. Kaunti zilikatwa milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikapanda hadi milioni 200.

Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Fatuma Dullo wa Isiolo ilichunguza na ripoti ikatoka 2020. Walipata mahali mashine zimeletwa na hakuna stima ya kutosha, ama hakuna maji, ama hakuna mtaalamu wa kuziendesha. Mashine imefunikwa na karatasi yake ya kiwandani na kaunti inaendelea kukatwa.

Lakini pia tusiseme kila kitu hufeli. Garissa ilipata kituo cha saratani cha kanda, pamoja na Mombasa na Nakuru. Kabla ya hapo mgonjwa wa kansa alikuwa anahamia Nairobi kulala kwa jamaa Isili miezi. Kwa hivyo wakiamua, inawezekana.

Na saa hii wakuamua ni nani? Waziri wa Afya tangu 2025 ni Aden Duale, aliyekuwa mbunge wa Garissa Mjini kwa miaka mingi. Hii barabara ya Mwingi anaijua kuliko mimi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na sheria yake iko na mfuko maalum wa dharura na magonjwa mahututi. Na MES imebadilishwa na mpango mpya ambao vifaa vinalipiwa kulingana na huduma iliyotolewa. Kwenye karatasi milango yote iko wazi. Swali la mtu wa kawaida ni rahisi: nikipigwa na stroki saa nane usiku pale Bulla Iftin, nani atakuja, skani itawaka, na dawa italipwa na nani? Mwanasiasa akija kuomba kura 2027 na ahadi ya mashine mpya, muulize hayo matatu kwanza.

Sisi mayut tumejificha wapi?

Kuna msee ashasema moyoni, hii ni mambo ya wazae. Tulia.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha. Na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha ndiyo mama wa stroki na haina kelele. Unatembea nayo ukijiita fiti.

Sasa angalia base yetu. Chai yenye sukari hadi kijiko kinasimama. Shisha. Halafu miraa, kuanzia alasiri hadi usiku, umekaa chini saa 6 huguzi mguu. Sitamkataza mtu jaba, hiyo ni biashara ya watu na mimi si shehe. Lakini ndani ya miraa kuna kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Inapandisha presha, inakimbiza moyo, inabana mishipa. Utafiti uliofanywa Yemen, ambako wanaitafuna kuliko sisi, uliihusisha na mshtuko wa moyo. Ukiongezea sigara na kinywaji cha nguvu juu yake, unajitengenezea donge mwenyewe.

Na wale wa kusafiri: ukikaa kwa basi la Mandera siku nzima na usiku, damu ya mguu inaweza kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, halafu pumzi ikaanza kukatika, hiyo si uchovu. Nenda hospitali. Basi likisimama Mwingi ama Garissa, shuka utembee, hata kama huna pesa ya chai.

Shika hii kabla uhepe

Roboti za Zurich bado ziko kwa kondoo. Mpaka zifike, mashine ya kwanza ya kuokoa mathe ama abti wako ni wewe. Kwa hivyo:

Uso: mwambie atabasamu. Upande mmoja umeanguka?

Mkono: ainue yote miwili. Mmoja unashuka?

Maneno: arudie sentensi rahisi. Yanatoka yamevurugika?

Muda: ukiona hata moja, angalia saa, ukumbuke ilianza lini, na uanze kutafuta gari hapo hapo. Laini ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Usimpe aspirini kwa kubahatisha, juu hujui kama mshipa umeziba ama umepasuka. Usimpe chai wala uji, anaweza kukabwa. Na shehe asome, sana, tena kwa sauti. Lakini asomee ndani ya gari, mkiwa njiani.

Kesho ukipita karibu na kemia, ingia upimwe presha. Wengi hawalipishi hata mia. Ukimaliza mpeleke na mzae wako.

Abti anasema bei ya mbuzi imepanda. Alinipigia jana kuniuliza huku Kiamaiko wanauza ngapi. Alirudia swali mara mbili ndipo nikalishika, na sikumwambia.

Wewe je, kwenu stroki ikitokea huwa mnaanza na nini: gari, shehe, ama gurupu la WhatsApp?